Kurudi kwa Cheche

Watu wengi hudhani kwamba maendeleo ya ufundi ni kama safari ya gari la moshi: kituo kikishapitwa, hakirudiwi tena. Kandili ilipitwa na taa ya umeme, na jahazi likapitwa na meli ya mashine. Habari ninayotaka kusimulia hapa haikufuata reli hiyo. Ni habari ya mtambo ulioanza katika ukumbi wa giza huko Ujerumani, ukaokoa watu baharini, ukalaumiwa kwa makelele yake, ukafukuzwa na mataifa kwa mkataba, kisha, watu walipokwisha kuusahau, ukaanza kurudi kidogo kidogo kwa jina jingine. Leo umo ndani ya simu za mkononi za watu wasiojua hata kidogo kwamba wanao.

Mwaka wa 1865 Mskoti mmoja, James Clerk Maxwell, alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba umeme ukitikisika hutoa mawimbi yasiyoonekana, nayo huenda kwa mwendo ule ule wa nuru. Hesabu zilikuwa nzuri, lakini hapakuwa na mtu aliyekwisha kuyashuhudia mawimbi yenyewe. Miaka ishirini na zaidi ikapita. Ndipo mwalimu kijana wa chuo cha ufundi cha Karlsruhe, Heinrich Hertz, alipofanya majaribio yake kati ya mwaka wa 1886 na 1888. Alielekeza fimbo mbili za madini ncha kwa ncha, na katikati akaacha mwanya mdogo. Alipotia umeme wa nguvu, cheche iliruka mwanyani kwa mlio. Mbali kidogo, katika ukumbi ule ule, aliweka duara la waya lisilounganishwa na kitu chochote, nalo pia lilikuwa na mwanya, mwembamba mno. Akatia giza, akayazoeza macho yake, akatazama. Kila cheche kubwa ilipolia, cheche ndogo sana ilimetameta katika mwanya wa lile duara. Kitu kilikuwa kimevuka hewani bila waya.

Hertz hakuishi kuona matunda ya kazi yake. Alifariki tarehe 1 Januari 1894, naye hajatimiza miaka thelathini na saba. Lakini cheche yake ilikwisha kuenea. Mwaka wa 1895, mjini Calcutta, Jagadish Chandra Bose aliwaonyesha watu jinsi mawimbi yaliyozaliwa na cheche yalivyopita ukutani, yakalia kengele na kulipua baruti upande wa pili. Jina la Bose hupitwa upesi katika vitabu vingi, wala si haki, maana mawimbi aliyoyatumia yalikuwa mafupi sana, ya milimita chache tu, na ulimwengu ulikawia miaka mingi kabla ya kumfikia. Mwaka huo huo kijana wa Kiitalia, Guglielmo Marconi, alikuwa akifanya majaribio nyumbani kwa baba yake karibu na mji wa Bologna. Siku moja kaka yake alikichukua chombo cha kupokelea, akavuka nacho kilima akiwa na bunduki. Ishara ilipofika, bunduki ikalia, na Marconi akajua kwamba hata kilima hakikuyazuia mawimbi yake.

Marconi alihamia Uingereza mwaka wa 1896, na huko simu ya upepo ikawa biashara. Tarehe 12 Desemba 1901, akiwa juu ya mlima wa Signal Hill huko Newfoundland, alisema kwamba amesikia nukta tatu za herufi S zilizorushwa kutoka Poldhu katika Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Wako wataalamu ambao hata leo wana shaka kama kweli alizisikia siku ile. Hata hivyo haukupita muda mrefu ishara zikawa zinavuka bahari kila mara, na hilo halina shaka.

Hapana budi sasa tusimame kidogo tuichunguze cheche yenyewe, kwa sababu sifa yake na aibu yake vyote viwili vimo katika umbo lake.

Mtu akipuliza zumari na kushika tundu moja, hutoka sauti moja, na mwenye sikio zuri aweza kuiiga kwa kinywa. Lakini nazi ikianguka juu ya bati, nani awezaye kuuimba mshindo ule? Hapana. Mshindo mfupi haukai muda wa kutosha kuwa sauti moja. Umechanganya sauti nene na nyembamba zote kwa pamoja. Ndivyo yalivyo mawimbi ya umeme pia. Hesabu ya mitikisiko ya wimbi katika sekunde moja huitwa masafa. Wimbi linaloendelea kwa muda mrefu bila kubadilika hukaa katika masafa mamoja, kama zumari. Pigo linalokufa upesi hutawanyika juu ya masafa mengi kwa mara moja, kama ile nazi juu ya bati. Nayo si kasoro ya mafundi, bali ni kanuni ya maumbile: kadiri pigo linavyokuwa fupi, ndivyo upana wa masafa yake unavyozidi.

Cheche ya Hertz ilikuwa pigo la namna hiyo. Iliporuka, mawimbi yalitikisika mara chache, yakafifia, yakafa. Maana yake ni kwamba kila aliyekuwa na cheche alisema na kila aliyekuwa na sikio, atake asitake. Marconi alijua tatizo hilo, na mwaka wa 1900 alipata hati ya uvumbuzi, ile mashuhuri yenye nambari 7777, kwa njia ya kuzilinganisha antena na mitambo ili kila kituo kisikie masafa yake. Njia hiyo ilisaidia, lakini haikuponya.

Mtu aliyelifichua jambo hili mbele ya hadhara alikuwa mfanya mazingaombwe, Nevil Maskelyne. Mwezi wa Juni 1903 profesa John Ambrose Fleming alikuwa akitoa mhadhara katika jengo la Royal Institution mjini London, na Marconi, akiwa mbali huko Poldhu, alitarajiwa kupeleka salamu mwishoni. Kabla salamu haijafika, chombo kikaanza kugonga peke yake. Msaidizi wa Fleming alisoma herufi zilizotoka, akakuta neno la Kiingereza lenye maana ya panya, limerudiwa tena na tena, kisha yakafuata mashairi ya kumkejeli Marconi. Maskelyne alikuwa na mtambo wake wa cheche jirani tu na hapo. Fleming alikasirika, akaandika gazetini kuulaani uhuni huo. Maskelyne hakujificha: alijibu katika gazeti lilo hilo kwamba yeye ndiye, na kwamba amefanya hivyo kwa faida ya watu wote, ili wajue kwamba siri waliyoahidiwa haipo. Mimi naona kwamba, adabu yake ikiachwa kando, hoja yake ilikuwa ya kweli.

Mzaha ule ulikuja kuwa msiba. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli ya Titanic ilikuwa na mtambo wa cheche wa wati 5,000, mmojawapo wa mitambo yenye nguvu kupita yote iliyokuwa baharini wakati huo. Opareta wake, Jack Phillips, alikuwa na rundo la simu za abiria, naye alikuwa akizipeleka kwenye kituo cha Cape Race kilichokuwa mbali na kusikika kwa shida. Yapata saa tano za usiku opareta wa meli ya Californian, iliyokuwa jirani, alimwita kumwambia kwamba wao wamesimama, wamezungukwa na barafu. Kwa kuwa meli ile ilikuwa karibu, sauti yake iliingia kwa kishindo masikioni mwa Phillips na kuizima kabisa sauti dhaifu ya Cape Race. Phillips akamjibu kwa ukali anyamaze, kwani ana kazi. Akanyamaza. Saa tano na nusu aliuzima mtambo wake akaenda kulala. Dakika kumi baadaye Titanic iliugonga mlima wa barafu.

Cheche ya Phillips ndiyo iliyoiita meli ya Carpathia, nayo ikaja mbio kutoka mbali na kuokoa watu zaidi ya 700. Waliokufa walikuwa kama 1,500. Kwa hiyo cheche ile ile iliwaokoa hawa, na makelele yake yakawa na sehemu katika vifo vya wale. Sisemi kwamba kosa lilikuwa la mtambo peke yake. Palikuwa na mwendo wa kasi, na upungufu wa mashua, na uchovu wa wanadamu. Lakini serikali ziliona wazi kwamba hewa haiwezi tena kuachwa kama soko lisilo na mzee. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Marekani ilitunga sheria: kila kituo kiwe na leseni, na wenye kuchezea redio kwa kujifurahisha wasukumwe kwenye mawimbi mafupi ya chini ya mita 200, ambayo wakati huo yalidhaniwa hayana faida.

Tangu hapo siku za cheche zilihesabika. Valdemar Poulsen wa Denmark alikuwa amekwisha kutengeneza mtambo wa kutoa wimbi lisilokatika, na mwezi wa Desemba 1906 Reginald Fessenden alionyesha huko Marekani kwamba wimbi la namna hiyo laweza kubeba sauti ya mtu na muziki. Cheche haikuweza kufanya hivyo ila kwa kukwaruza vibaya. Kisha zikaja valvu, na kila kituo kikapata uzi wake mwembamba wa masafa, kama shamba lenye mipaka. Mkutano wa mataifa uliofanyika Washington mwaka wa 1927 uliamua kwamba mitambo ya cheche iondolewe hatua kwa hatua. Ikabakia kidogo katika meli kwa ajili ya hatari, kisha ikaenda makumbushoni.

Fikra mpya ilizaliwa katika hesabu, kama ilivyozaliwa ya kwanza. Mwaka wa 1948 Claude Shannon, Mmarekani, alithibitisha kwamba kiasi cha habari kinachoweza kupita katika njia hutegemea mambo mawili: nguvu ya ishara ikilinganishwa na makelele, na upana wa masafa. Tena mambo hayo mawili yaweza kubadilishana. Mwenye masafa mapana anaweza kusema kwa sauti ndogo sana, hata chini ya makelele yenyewe, na bado akaeleweka. Mafundi wa zamani walikuwa wameutazama upana wa cheche kama ugonjwa. Hesabu za Shannon zilisema kwamba upana ni mali.

Lakini mali hiyo haikuweza kutumiwa mpaka vipatikane vyombo vya kutoa mapigo mafupi na kuyapima. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa rada walivipata: transista zilizowaka na kuzima kwa kasi, na oskiloskopu za kuonyesha jambo lililodumu chini ya sehemu moja katika bilioni ya sekunde. Miongoni mwao alikuwapo Gerald Ross wa kampuni ya Sperry, ambaye mwaka wa 1973 alipata hati ya uvumbuzi ya kupelekeana habari kwa mapigo mafupi namna hiyo. Kazi nyingi za wakati ule zilifanyika kwa siri ya jeshi, na jambo lenyewe halikuwa hata na jina moja. Kuelekea mwaka wa 1990 ndipo likazoeleka jina la redio ya masafa mapana mno.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Chombo kimoja hupeleka na kupokea. Hakitoi wimbi refu la zumari kwanza kisha kulipakia habari mgongoni, kama zifanyavyo redio nyingine. Hutoa pigo moja la umeme, fupi kupita kiasi, likaenda moja kwa moja kwenye antena, kisha kikanyamaza, kisha pigo jingine. Mapigo hayo huwa mamilioni kwa sekunde, lakini kwa kuwa kila moja ni fupi mno, chombo hukaa kimya wakati mwingi kuliko kinavyosema, na hivyo hula umeme kidogo. Habari huweza kuwekwa katika wakati: pigo likiwahi kidogo ni sifuri, likichelewa kidogo ni moja.

Lakini je, vyombo vingi vikigonga pamoja, si tutarudi kwenye vurugu ya mwaka 1912? Jibu lilitolewa mwaka wa 1993 na Robert Scholtz wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambaye baadaye aliliendeleza pamoja na Moe Win. Tuseme uko sokoni penye kelele nyingi, na rafiki yako amepatana nawe kwamba atagonga meza katika sekunde ya tatu, ya saba, ya nane na ya kumi na tatu, kisha aanze upya. Pigo moja hulisikii. Lakini ukitega sikio katika nyakati hizo tu, ukajumlisha unachosikia kwa mizunguko mia, makelele ya soko yatafutana yenyewe kwa kuwa hayana mpango, na mapigo ya rafiki yako yatarundikana. Watu wengine wawili mezani hapo hapo waweza kuwa na ratiba yao, wala msigongane ila mara chache. Ndivyo Scholtz alivyopanga: mapigo ya kila chombo huruka-ruka kwa ratiba inayojulikana na mwenzake tu. Ugumu wake ni saa. Mpokeaji asiyejua ratiba imeanzia wapi husikia upepo mtupu, na kuzilinganisha saa mbili kwa usahihi huo ni kazi iliyowatoa mafundi jasho.

Pana faida nyingine ambayo cheche za zamani hazikuifikia. Ndani ya nyumba mawimbi hugonga kuta na makabati yakarudi kama mwangwi. Wimbi refu hukutana na mwangwi wake na mara nyingine vikauana. Pigo fupi hufika, likaisha, ndipo mwangwi wake ukafika nyuma yake, kila mmoja peke yake.

Kibali cha serikali kilikuwa kigumu kupatikana. Masafa yote yalikuwa yamekwisha kugawiwa, na chombo hiki kilitaka kupita juu ya mashamba ya watu wote. Wenye ndege walipinga, wenye simu walipinga, na walinzi wa setilaiti za kuongozea njia walipinga zaidi, wakihofu kwamba ishara zao dhaifu kutoka angani zitafunikwa. Hofu yao haikuwa ya kijinga, kwani historia ya cheche ilikuwa upande wao. Tarehe 14 Februari 2002 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano iliruhusu, kwa masharti makali. Vyombo vya mawasiliano vilipewa nafasi kutoka megahezi 3,100 hadi 10,600. Ili msomaji aone ukubwa wake, stesheni zote za FM, kuanzia 88 hadi 108, zimo katika upana wa megahezi 20 tu. Lakini katika eneo lile kubwa nguvu iliyoruhusiwa ilikuwa kiasi kile kile ambacho kompyuta ya mezani huachiwa kukivujisha bila kukusudia. Ukiijumlisha yote kutoka mwisho hadi mwisho, inapata kama nusu ya sehemu moja katika elfu ya wati. Mtambo wa Titanic uliipita karibu mara milioni kumi. Ndiyo sababu redio hii husikika kwa mita chache au makumi ya mita, basi. Cheche ilirudishwa mjini kwa sharti la kunong'ona.

Kilichofuata hakikuwa cha kujivunia. Makampuni yaliyotaka kuitumia kwa kupeleka picha na mafaili kwa kasi majumbani yaligawanyika makundi mawili, moja likitaka mapigo halisi, la pili likitaka kuyagawanya masafa katika vipande vingi. Walibishana miaka kadhaa katika kamati ya kuweka kanuni, na mwezi wa Januari 2006 kamati ikavunjwa bila uamuzi. Wakati wao wakibishana, Wi-Fi iliongeza kasi na kuchukua soko.

Ilifufuka kwa kazi nyingine, kazi ya kupima. Nuru, na kila wimbi la redio, huenda kama sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Pigo refu halina ukingo mkali, na haijulikani lilifika lini hasa. Pigo fupi lina ukingo, na kufika kwake kwaweza kuandikwa saa. Chombo kikiuliza na kingine kikijibu, muda wa kwenda na kurudi huonyesha umbali baina yao, kwa kukosea sentimita kumi hivi. Kanuni za kazi hiyo zilitolewa mwaka wa 2007, simu ya iPhone 11 ikaja nayo mwezi wa Septemba 2019, na kanuni zikaongezwa ulinzi mwaka wa 2020.

Ulinzi uliotakiwa ulihusu wezi wa magari. Gari lenye ufunguo wa redio hufunguka lenyewe mwenye ufunguo akikaribia. Wezi wawili walijifunza hila: mmoja husimama karibu na nyumba ambamo ufunguo umelala, akainasa ishara yake dhaifu, akaikuza na kumrushia mwenzake aliyesimama kando ya gari. Gari husikia sauti kubwa, likadhani bwana wake yu karibu. Gari linalopima muda halidanganyiki kwa hila hiyo, maana mwizi anaweza kuichelewesha ishara lakini hawezi kuifanya ifike kabla ya nuru.

Hata hivyo, mwaka wa 2022 watafiti wa Zurich walitangaza kwamba wameyachunguza mapigo ya simu na vyombo vingine vilivyokuwa sokoni. Kwa kurusha mapigo yao dhaifu yaliyojificha ndani ya makelele, waliweza, mara chache katika kila mia, kukifanya chombo kiamini kwamba kitu kilicho mbali mita kadhaa kiko papo hapo. Nao, kama Maskelyne, waliyachapisha waliyoyafanya pamoja na majina yao.